Binti yangu anaimba herufi zote lakini hasomi: nifanyeje kabla ya Januari?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, Tanga. Binti yangu ana miaka minne na miezi minane na Januari ataanza darasa la awali. Mtoto wa jirani, rika lake, yuko shule ya Kiingereza na anaimba herufi zote. Nami nilimnunulia wangu chati ya ukutani nikamfundisha wimbo uleule. Anauimba wote, lakini nikimwonyesha herufi moja moja hazijui. Neno mama analisoma penye picha tu, nikiifunika anabahatisha. Jioni anakwenda madrasa. Baba yake ni mvuvi, mchana amelala, kwa hiyo nyumba inataka utulivu. Vitabu hatuna na mimi nimeishia darasa la saba. Nimpeleke tuisheni, au naweza mwenyewe? Naogopa nisije nikamharibu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo neno lako la mwisho ndilo lililonikalisha nikujibu kwa urefu. Katika miaka yangu ya kufundisha awali na darasa la kwanza hapa Tanga nimelisikia kwa akina mama wengi: mimi wa darasa la saba, nisije nikamharibu. Humharibu. Umeniandikia barua nzima, kila neno mahali pake, na ujuzi huo unatosha kumtoa mtoto wa miaka minne mpaka mlangoni pa kusoma. Tuisheni iache. Mtoto wa umri huo hahitaji benchi la pili baada ya madrasa. Fedha hiyo mnunulie mayai na madaftari mawili.

Nikutoe hofu nyingine pia. Shule haimdai aingie awali akiwa anasoma. Mwaka wa awali upo kwa ajili ya kumwandaa, na mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulijengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, hizo KKK unazozisikia. Muda upo. Tunachotaka wewe na mimi ni kwamba Januari aingie darasani akiwa na masikio yaliyofunguka na hamu ya kitabu.

Sasa tuutazame ule wimbo. Binti yako hana kosa. Alichoshika ni wimbo, kama anavyoshika nyimbo za kuchezea uani, na wimbo hauna herufi ndani yake. Tena majina yanayoimbwa humo ni ya Kiingereza. Herufi tunayoisoma e, wimbo unaiita "ii". Tunayoisoma i, unaiita "ai". Ile a yetu inakuwa "ei". Mtoto akiyashika hayo barabara, halafu ukamwekea neno embe, ana haki kabisa ya kuanza na "ii". Nimewapokea watoto wa namna hiyo, werevu sana, na wiki zao za kwanza zilikwenda katika kufumua kilichoshonwa nyumbani. Hata majina ya kwetu, be, che, de, hayamfai sana anayeanza, maana "be" ukiitia "a" haitoki ba, inatoka "bea". Kinachoungana ni sauti. Kwa hiyo chati ikae ukutani kama pambo, wimbo aimbe akitaka, lakini kazi yetu ianzie pengine.

Ianzie masikioni. Hapa nakuomba unisikilize kuliko mahali pengine pote katika jibu hili, kwa sababu ndipo wazazi wanapopavuka wakikimbilia kalamu. Binti yako analijua neno samaki tangu anatambaa. Amemla, amekuona ukimparua magamba, amemsikia baba yake akimtaja. Lakini hajui kwamba neno lenyewe lina vipande, sa, na ma, na ki. Kwake samaki ni yule anayenuka, mwenye macho. Kusoma kunaanza siku mtoto anapogundua kwamba neno, licha ya maana yake, ni sauti zinazofuatana, na kwamba sauti hizo zinaweza kukatwa na kuunganishwa. Asipolijua hilo, herufi hazina pa kushika. Utamwambia hii ni m, atakubali kwa adabu, kesho amesahau.

Basi mpigishe makofi. Mnapika, mnaosha vyombo, mnakwenda sokoni Mgandini, taja neno naye alikate kwa makofi: ma-ma, sa-ma-ki, ba-ha-ri. Jina lake, jina la mdogo wake, majina ya majirani. Akishazoea mpe mkate, uone. Wakubwa wengi hupiga mka-te, mara mbili. Mtoto mwenye sikio hupiga tatu, m-ka-te, kwa sababu m hiyo inasimama peke yake, kama katika m-tu na m-na-zi. Mpe mbuzi: mbu-zi, mawili, kwani hapo m imeshikana na b. Halafu mpe mbwa, na hapo m inapata tena kofi lake, m-bwa. Usimweleze kanuni yoyote. Taja vizuri, polepole, sikio lake lenyewe litaamua, na siku akikusahihisha wewe ujue umefaulu.

Makofi yakizoeleka, fungeni mnyororo: kipande cha mwisho cha neno langu ndicho cha kwanza cha neno lako. Samaki, kikapu, punda, ndama, maji, jiko, kofia. Mwanzoni utamsaidia kila neno, na akitaja neno ambalo halipo duniani mcheke pamoja na mwendelee. Tuna pia hazina yetu ya pwani ambayo siku hizi naisikia kwa nadra mitaani, nayo ni kinyume. Unakumbuka tulivyokuwa tukisemezana ili wadogo wasielewe? Silabi ya mwisho inaletwa mbele: maji yanakuwa jima, mbuzi anakuwa zimbu, chakula kinakuwa lachaku. Wakati ule tulidhani tunaficha siri. Kumbe tulikuwa tunafanya kazi ambayo mwalimu wa kusoma anaitafuta kwa bidii, ya kushika neno, kulikata, na kulipanga upya kichwani bila kuliona limeandikwa. Kwa mtoto wa miaka minne na miezi minane maneno ya vipande viwili yanatosha: baba, kuku na dada hayafai kwa kuwa yanarudi yaleyale, lakini maji, jiko, meza na embe yanamchekesha kweli. Kama kuna binamu wa miaka minane au tisa hapo uani, mwachie yeye kazi hiyo. Ataifanya vizuri kuliko sisi.

Mwisho wa michezo ya sikio ni sauti ya kwanza. "Nimeona kitu hapa jikoni kinaanza na mmmm." Atasema mwiko, mkaa, mchele. Ukitaka sss atasema sufuria, sahani, sukari. Angalia unavyotamka: funga midomo, mmmm, usiseme "em" wala "mu". Akiweza kufanya hivi kwa sauti nne tano bila kubahatisha, ndipo herufi ziingie. Kwa watoto wengi ni wiki tatu nne, kwa wengine miezi miwili, na huyo wa miezi miwili si mjinga.

Katika herufi, Kiswahili kimetupa bahati kubwa. Irabu ni tano tu, na kila moja inasomeka vilevile popote ilipo: a ya mama ndiyo a ya bahari, ndiyo a ya Tanga. Mtoto wa Kiingereza anachukua miaka kuzoea herufi moja inayobadilika sauti kila inapohama neno. Wako akishaelewa siri ya kuunganisha, atasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona.

Anza na a, i, u. Midomo inaachana mbali: a imefunguka, i imetanuka, u imechongoka, atazitofautisha hata kwa kukutazama. Kisha e na o. Zikitulia leta m, maana sauti yake unaweza kuivuta mpaka ikutane na irabu: mmmaaa, ma. Kwa herufi hizo sita tu, hebu ona kinachosomeka: mama, mimi, mia, uma, umeme, imamu. Maneno ya kweli, ya nyumbani kwako, na hakuna picha hata moja. Ukiongeza k unapata kaka, kuku, mkia, mkeka, na sentensi nzima ya kusisimua, "Mama, kaka ameumia!" Watoto huipenda hiyo, wanaisoma kwa sauti ya kilio. Baada ya hapo n, l, t, s, b, moja kwa wakati, na usiongeze mpya mpaka ya jana aitambue hata akiamshwa usingizini. Ch, sh, ny, dh, gh, na ile ng' ya ng'ombe, waachie walimu.

Jihadhari na jambo moja ambalo hata darasani linatudanganya. Tumezoea kuwaimbisha ma, me, mi, mo, mu, kwa mpangilio uleule, kwa mahadhi yaleyale. Nilikuwa na mvulana mmoja darasa la kwanza aliyeusoma ukurasa wote bila kosa, kidole kikitembea juu ya maneno, nami nikampa sifa mbele ya wenzake. Siku ya pili nikaona kitabu amekishika juu chini, na bado anasoma bila kosa. Nilisikitika sana, si kwa ajili yake bali kwa wiki zote ambazo sikumwona. Tangu siku ile sikumuuliza tena mtoto silabi kwa mpangilio. Onyesha mo, ruka kwenye mi, rudi ma. Lile zoezi lako la kufunika picha ndilo hasa ambalo mwalimu angelifanya, na ulilifanya bila kufundishwa. Endelea nalo.

Umeitaja madrasa kama unayeomba radhi. Isikutie shaka, ni msaada mkubwa ulio nao. Mwalimu wake wa chuoni, yaani hapo madrasa, anamwonyesha herufi ya Kiarabu be yenye alama ya fataha anasoma ba, yenye kasra bi, yenye dhuma bu. Yaani anafundishwa kila jioni kwamba alama moja ni sauti, ikikutana na sauti nyingine inazaliwa silabi. Ndiyo kazi ileile. Hata hili neno letu irabu limetoka huko. Na wazee wa pwani hii, kutoka huku kwetu mpaka Bagamoyo na kupita, waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, barua na tenzi. Kwa hiyo mwambie: ulivyosoma ba chuoni, na hapa pia kuna ba, imevaa nguo nyingine. Nimeona macho ya watoto yakiwaka kwa maneno hayo.

Mambo mawili tu uyaangalie. La kwanza, kule anaanza kulia kwenda kushoto. Huku ukimwekea mstari, chora nyota ndogo kwa rangi upande wa kushoto, umwambie nyota ndiyo mlango. Baada ya mwezi hutaihitaji. La pili, alama zile za chuoni ni tatu, na Kiswahili kina irabu tano. Katika maandiko ya kale kasra ilibeba i na e, dhuma ikabeba u na o, na msomaji alitambua kwa maana. Mtoto wa madrasa huweza kukwama hapohapo: tembe anaisoma timbi, koko anaisoma kuku. Ndiyo sababu nikasema e na o zije baadaye, na uzipe siku nyingi zaidi.

Unasema vitabu huna. Simama sasa hivi utazame mlango wa chumbani kwako, nina hakika kuna kanga imetundikwa. Kanga ina pindo, ina mji wake wa katikati, na ina jina lake, yaani msemo, limeandikwa. Mtoto wa Tanga amebebwa mgongoni na maandishi tangu ana siku arobaini, ila hakuna aliyemwambia kwamba yanasomeka. Siku ukivaa, mwonyeshe: hapa pameandikwa maneno, yanasema hivi. Mwache atafute a zote zilizomo. Kanga zenye neno MAMA ni nyingi, na akilipata mwenyewe atawatangazia nyumba nzima. Tatizo la kanga ni kwamba imeandikwa kwa herufi kubwa, na A haifanani na a, kwa hiyo ifanye mahali pa kuwinda, na mafunzo yenyewe yawe ya herufi ndogo, ambazo ndizo zitajaa katika vitabu vyake. Herufi kubwa aijue moja kwanza, ile inayoanza jina lake. Mkitoka, kuna majina ya ngalawa anayoyajua baba yake, kuna DUKA, kuna pakiti ya unga, na mkikatiza Ngamiani mna barabara zenye namba, ya 10, ya 11, ya 12; kwa hesabu hakuna chati inayoishinda mitaa ile.

Na kitabu chenyewe utamtungia. Chukua daftari, likate katikati, shona kwa sindano na uzi. Kila jioni muulize: leo tuandike nini? Atasema, "Leo baba kaleta changu mkubwa." Andika hivyohivyo alivyosema, herufi ndogo, kubwa za kutosha, ukilitamka kila neno unapoliandika, naye akiangalia mkono wako. Kisha msomee, kidole kikipita chini ya maneno. Yeye amchore huyo samaki changu pembeni. Kesho soma ya jana, andika ya leo. Mwanzoni atakuwa anakumbuka tu, hasomi, na hilo ni sawa kabisa, kwa sababu anajifunza kitu kingine kikubwa: kwamba maneno yake yakiwekwa karatasini hayapotei, kila akirudi anayakuta. Katika yote niliyofanya na watoto wadogo, hakuna kilichowavuta kuelekea kusoma kama vidaftari hivyo. Mtoto anayesitasita kwenye kitabu cha shule atapigana na herufi mpaka ajue kama ni kweli pameandikwa changu.

Usiku mwambie hadithi. Hadithi ya mdomo inampa maneno, na mtoto mwenye maneno mengi akilitamka neno kwa shida analitambua: "aa, kumbe ni jahazi!" Asiyelijua jahazi atalisoma na asijue amesoma nini. Kama bibi yake anasema Kidigo au Kibondei, mwache bibi asimulie kwa lugha yake. Masikio yanayosikia lugha mbili hayachanganyikiwi, na vitendawili vya lugha yoyote vinanoa.

Kuandika usimharakishe. Vidole vya umri huu vinapata nguvu kwa kuchambua mchele, kusukuma chapati, kukamua machungwa, kuchora kwa kijiti mchangani. Akitaka kuandika mpe kipande cha mkaa au chaki na sakafu ya uani. Atageuza herufi, b itakuwa d, na jina zima linaweza kutoka kama limetazamwa kwenye kioo. Mpaka miaka sita saba hilo ni la kawaida. Na kama ana mkono wa kushoto, kula umfundishe kwa wa kulia kama desturi na dini yetu inavyotaka, lakini kalamu mwachie mkono anaoupendelea.

Muda ni dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano, na uache yeye bado anataka. Kwa kuwa mchana baba amelala, michezo ya sauti iwe jikoni na njiani, daftari liwe baada ya madrasa. Usimpige wala kumwambia "mwenzio mbona anajua". Nilipoanza kazi kiboko kilikuwa juu ya meza yangu kama chaki, na najua kilichofanya: mtoto aliyeogopa alinitazama mimi usoni kutafuta jibu, hakutazama herufi. Naumia nikiwakumbuka. Siku ukiona hasira imekuja, funga daftari mkapike.

Kuna machache ya kukupeleka hospitali. Akitamka "lafiki" badala ya rafiki, mrudishie tu neno likiwa sahihi, bila kumcheka. R huchelewa kwa watoto wengi. Lakini kama hageuki ukimwita kwa nyuma, anaongeza sauti ya redio kila mara, au sikio lake linatoa usaha unaokwenda na kurudi, usingoje Januari, mpeleke Bombo wampime. Masikio yenye maradhi ya muda mrefu yameninyima wanafunzi wengi ambao watu waliwaita wazito. Vivyo hivyo kama anasogeza kitu mpaka puani ndipo akione, au kwa umri wake bado hasemi sentensi za maneno manne matano.

Simu? Vipo vipindi vizuri vya katuni vya Kiswahili, aangalie nawe, mkikata maneno kwa makofi. Kuachiwa nayo peke yake hakumfundishi kusoma.

Januari ukimpeleka, uchague shule iliyo karibu. Shule za serikali hazitozi ada, na huko atasoma kwa Kiswahili, lugha aliyonayo tayari. Mtoto wa jirani mwache na njia yake. Siku ya kwanza nenda na kile kidaftari mlichoshona, umwonyeshe mwalimu wa awali. Mwambie herufi anazozijua ni hizi, mwambie anasoma chuoni na alianza kulia kwenda kushoto, mwambie na mkono anaotumia. Darasa lake litakuwa limejaa, na mwalimu atashukuru kuyajua hayo kabla ya vurugu za asubuhi kuanza. Kisha niandikie mwezi wa tatu. Nataka kujua kama bado anaisoma ile ya changu, na kama amefika kwenye ng'.